Noeli isile unga wa mwezi wa kwanza

Mwezi wa kumi na mbili umefika tena. Mvua inanyesha karibu kila siku, njia ya kwenda soko imekuwa matope, na maembe yamejaa kila pembe. Bei ya mchele, ya mafuta na ya kuku imeanza kupanda. Nyumbani watoto wanaulizana nani atavaa nini siku ya Noeli, nani atavaa nini siku ya bonane. Baba anarudi kutoka kazi, anakula bila kusema neno, maana anajua swali linalomgojea.

Swali hilo tulitazame pamoja, bila haya. Hatuandiki ili kukataza watu kufurahi. Mtu aliyefanya kazi ndani ya udongo mwaka mzima ana haki ya kukaa na watoto wake siku moja na kula vizuri. Lakini sikukuu ya siku mbili isilipwe na njaa ya miezi mitatu. Ndiyo maneno yetu ya leo.

Mwezi wa kwanza hauna huruma

Huku kwetu, kutoka Lubumbashi mpaka Likasi na Kolwezi, mahindi yanapandwa mvua zinapoanza. Yanakomaa mwezi wa tatu au wa nne. Kwa hiyo Januari na Februari shamba liko kijani lakini mfuko wa unga uko tupu. Na unga mwingi tunaokula mjini unatoka Zambia, unapita mpaka wa Kasumbalesa. Zambia ikiugua, sisi tunasikia maumivu tumboni. Mwaka 2024 ukame uliharibu mahindi ya Zambia, serikali yao ikatangaza hatari ya taifa zima mwishoni mwa Februari, na huku Katanga bei ya mfuko wa unga ikaruka. Mama anayekwenda soko hahitaji kuelezwa zaidi.

Halafu kuna masomo. Tangu mwaka 2019 shule za msingi za serikali hazidai feza ya masomo, lakini sekondari inadai, na shule za watu binafsi zinadai tangu darasa la kwanza. Watoto wanarudi darasani siku chache tu baada ya bonane. Yule anayesimama mlangoni na orodha ya majina haulizi kama mlikula kuku.

Sasa, mtu akikosa feza ya Noeli, anakimbilia wapi? Wengi wanakwenda kwa mkopeshaji wa mtaa, yule tunayemwita Banque Lambert. Jina lenyewe ni la benki ya zamani ya Ubelgiji, lakini huyu wetu hana ofisi: ana daftari, na hasahau kitu. Wengine wanamwachia simu, televizyo, hata kadi ya benki ambamo mshahara unaingia.

Tufanye hesabu. Tuseme baba amekopa dola 100 kwa ajili ya sikukuu, na mwenye feza anataka dola 30 juu yake kila mwezi. Mwisho wa Januari anadaiwa 130. Hana. Anatoa zile 30 tu, ili apewe nafasi. Mwisho wa Februari anatoa tena 30. Mwisho wa Machi tena 30. Ameshatoa dola 90, na deni la 100 bado limekaa pale pale, halikupungua hata franka moja. Kuku aliliwa kwa saa moja. Mafuta yake watoto walishayasahau. Feza iliyotoka nyumbani ndani ya miezi hiyo mitatu ingeweza kununua unga.

Deni la dukani nalo ni ndugu yake. Mwenye duka anaandika, anacheka, anakwambia mama chukua tu. Lakini mtu wa deni hachagui bei. Anachukua mchele kwa bei anayoambiwa, na Januari hawezi kwenda duka lingine lenye bei ndogo, kwa sababu atapita mbele ya lile la kwanza.

Tulijifunza wapi kumaliza makuta?

Kuna watu wanaosema kwamba mtu wa migodi hajui kuweka feza, kwamba ndiyo tabia yake. Maneno hayo ni mepesi, na sisi hatuyakubali. Tuangalie tulikotoka.

Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Tangu miaka ya 1920 iliona faida ya kuwaweka wafanyakazi pamoja na bibi na watoto wao ndani ya kampi. Nyumba ilikuwa ya kompanyi, lupitalo ya kompanyi, masomo ya kompanyi. Posho ilikuwa inagawanywa kwa hesabu ya watu wa nyumba. Wazee walizoea kusema kwamba kompanyi ni baba na mama. Mtu anayepewa unga namna hiyo hana lazima ya kupanga mwezi wa kwanza. Kuna mwingine anayempangia. Gécamines ilipochukua kazi hiyo baada ya mwaka 1967, jamaa nyingi ziliendelea kuishi vile vile.

Kisha nyumba ikabomoka. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto iliporomoka. Mwaka 1991 miji ilinyang'anywa. Shaba, iliyokuwa inapita tani 400,000 kwa mwaka katika miaka ya 1980, ilianguka mpaka chini ya tani 50,000 mwaka 1994. Mwalimu wa historia wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, aliandika kitabu juu ya jamaa hizo za wafanyakazi na kukipa jina la Bana Shaba abandonnés par leur père, maana yake watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Jina peke yake linasema mengi.

Na katika miaka hiyo hiyo feza yenyewe iligeuka maji. Mwishoni mwa 1992 ilitolewa noti ya zaire milioni 5. Oktoba 1993 ikaletwa zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani, na mwaka 1994 bei zilipanda kwa maelfu ya asilimia. Fikiri: aliyepata mshahara asubuhi na kungoja mpaka kesho alinunua kidogo kuliko jirani yake aliyekimbia soko siku ile ile. Yule aliyeficha zaire ndani ya sanduku alifungua akakuta karatasi. Wakati ule, kumaliza makuta haraka ilikuwa akili. Wazazi wengi wa leo walikuwa watoto ndani ya nyumba zile. Waliona kwa macho, wakajifunza.

Akili ile ya 1994 haifai tena kwa njia ile, lakini imebaki mikononi. Na kazi ya leo inaisaidia kubaki. Mchimbaji wa mikono hapati mshahara wa mwisho wa mwezi. Anakaa majuma matatu bila kitu, kisha anauza mzigo, anashika feza nyingi mara moja, na inaonekana kama haitaisha. Lakini bei ya madini haiko mkononi mwake. Mwanzoni mwa 2018 tani moja ya kobalti ilipita dola 90,000 kwenye soko la dunia. Mwanzoni mwa 2019 ilikuwa imeshuka mpaka karibu theluthi moja ya bei hiyo. Mwezi wa Februari 2025 serikali yetu ilisimamisha kobalti isitoke nchini, na Oktoba ikaanza kuigawa kwa viwango. Maamuzi hayo yanachukuliwa mbali, lakini yanafika mpaka ndani ya sufuria ya Kolwezi.

Na hata mwenye mshahara, asijidanganye. Kompanyi inayotoa mwezi wa kumi na tatu inautoa mara moja. Januari hakuna mwezi wa kumi na nne.

Kaeni kwenye barza

Tunachoomba ni jambo dogo, lakini ni gumu: semeni ukweli nyumbani mapema, kabla ya feza kufika na kabla ya watoto kuanza kutumaini.

Katika nyumba nyingi mama hajui baba anapata kiasi gani. Baba naye hajui mfuko wa unga ni bei gani juma hili. Kila mmoja anapiga hesabu yake peke yake usiku. Baba anadhani mama anataka mengi. Mama anadhani baba anaficha. Tarehe 23 wanagombana, na tarehe 24 baba anakwenda kukopa ili amani irudi. Amani ya namna hiyo ni bei kali.

Basi jioni moja, kaeni wote kwenye barza, watoto wakubwa pia. Wekeni mezani feza iliyoko, au mseme hesabu yake. Kwanza toeni unga wa Januari na feza ya masomo, na ikiwezekana mununue unga ule sasa hivi, mfuko ukae nyumbani. Unga ulionunuliwa haukopeshwi kwa shemeji kwa urahisi. Kinachobaki ndicho cha sikukuu. Kikiwa kidogo, ni kidogo.

Tumesikia mazungumzo ya namna hiyo katika jamaa moja, na tunayaandika karibu vile yalivyokuwa.

Baba alisema: "Banangu, mwaka huu makuta ni kidogo. Kobalti haikuuzwa muzuri. Yote tuko nayo ni hii."

Mtoto wa katikati akauliza: "Baba, na viatu?"

"Viatu ya masomo, ndiyo. Viatu ya Noeli, apana."

Mkubwa, msichana wa miaka kumi na sita, akanyamaza kwanza, kisha: "Wenzetu batatucheka, baba. Banguo yetu bote banaijua."

Mama ndiye aliyejibu: "Batacheka siku moja, mwanangu. Bakikufukuza ku masomo, batacheka mwaka muzima."

Hakuna aliyepiga makofi. Yule mdogo alilia kidogo. Lakini siku ya Noeli ilipofika hakuna aliyeuliza tena. Mtoto anaweza kubeba neno "hatuna" akiambiwa mapema na akiambiwa na wazazi wote wawili kwa sauti moja. Kinachomuumiza ni kuahidiwa na kungoja mpaka usiku wa tarehe 24.

Hapa tuseme wazi jambo ambalo watu hawapendi kuliona likiandikwa. Kuna wazazi wanaomwambia msichana mkubwa: "Nguo ya Noeli, jitafutie." Mzazi, unapomwambia hivyo msichana ambaye hana kazi, katika mji uliojaa wanaume wenye feza ya jana, unajua unamtuma wapi. Usiseme baadaye kwamba alipotea mwenyewe. Afadhali avae kikwembe cha mama yake, kilichofuliwa na kupigwa pasi.

Na wavulana je? Likizo za Noeli zinaangukia katikati ya mvua. Kijana wa masomo anaona wenzake wanaosha mawe, wanabeba mifuko, wanapata za kununua viatu, naye anaingia. Udongo ulioshiba maji haungoji mtu atoke. Tarehe 15 Novemba 2025, huko Kalando katika Lualaba, watu walikuwa wamekatazwa kuingia kwa sababu ya mvua na hatari ya kuporomoka. Waliingia kwa nguvu, daraja likavunjika, na watu wasiopungua 32 wakafa. Kijana unayesoma ukurasa huu, tunajua unataka kuonekana mtu siku ya bonane. Wenzako wa kweli watakuona na suruali ile ile ya mwaka jana na watakusalimu vile vile. Kama kweli unatafuta makuta ya likizo, kuna maembe ya kuuza, kuna maji ya kuchota kwa wazee, kuna simu za kutengeneza kama unajua kazi hiyo. Ni kidogo, ndiyo. Lakini unarudi nyumbani jioni.

Na sisi wa kanisa

Haitakuwa haki tuwaonye wazazi tu, sisi wenyewe tunyamaze. Mwezi wa kumi na mbili ndio mwezi ambao kwaya inataka nguo mpya, chama cha mama kinataka kikwembe cha sikukuu, vijana wanataka mchango wa karamu, na kikapu kinapita mara mbili. Mama mjane mwenye watoto sita anatoa feza ya kikwembe kwa sababu anaogopa kusimama peke yake na nguo ya rangi nyingine. Viongozi wa vyama, mnaweza kuamua mwaka huu kuvaa kikwembe cha zamani. Hakuna katekisimu inayokataza. Na asiyekuwa nacho kabisa asimame katikati ya mstari, asiwekwe nyuma.

Mtakumbuka Injili ya Luka inavyoeleza siku ambayo Yosefu na Maria walimpeleka mtoto hekaluni. Walitoa ndege wawili. Sheria ya Musa ilitaka mwanakondoo, lakini iliruhusu ndege kwa mzazi ambaye mkono wake haukufikia mwanakondoo. Jamaa ile ilitoa kiasi ilichokuwa nacho, mbele ya watu wote, na hatusomi popote kwamba Yosefu alikopa.

Wazazi wengine wanatuuliza: na wageni? Bonane watoto wa mtaa wanazunguka nyumba kwa nyumba, wanapaza sauti "Bonane!", wanangoja kupewa kitu. Wape karanga za kuchemsha, au embe lililokatwa, au neno zuri. Biskuti za dukani si amri. Shemeji akija kutoka Likasi na watoto watano bila kutangaza, ongeza maji kwenye mchuzi na umwambie mapema siku ya kurudi. Yeye pia ana Januari yake.

Jikoni, kwa feza kidogo

Wamama, ninyi mnajua kuliko sisi, lakini tukumbushane. Mwezi huu wenyewe una chakula chake ambacho mtu wa kuku ya frigo anakisahau. Maembe na masuku ni ya msimu huu. Uyoga unaanza kuonekana kandokando ya barabara. Ununue kwa mama unayemfahamu, na usipike usioujua, maana kuna wenye sumu. Vinkubala vikavu bei yake si ndogo, lakini kopo moja likipikwa na nyanya na karanga linalisha watu wengi kuliko nyama ya bei hiyo hiyo. Sombe yenye mafuta ya ngazi na samaki kidogo ya chumvi, na bukari ya moto pembeni, hakuna mgeni atakayeikataa. Kuku mmoja wa nyumbani, akikatwa vipande vidogo na kupikwa taratibu na mchuzi mwingi, anatosha watu tisa. Akikaangwa, watu wanne wanamgombania.

Mchele, sukari na mafuta, nunueni pamoja. Jamaa nne au tano zikiunganisha feza zinanunua mfuko mzima kwa bei ya jumla, kisha zinagawana kwa kopo mbele ya macho ya wote. Mpikie pia mahali pamoja kama mnapatana. Mbabula mbili zinakula makala kidogo kuliko tano. Wale mlio na likelemba, msipange zamu ya Desemba kwa ajili ya karamu. Zamu nzuri ni ile inayoangukia juma la kurudi masomoni, na anayeipata atawashukuru.

Juu ya vinywaji: hapo ndipo feza inatoka bila kuonekana. Sanduku moja la bia na moja la masukre kwa watoto linaweza kuwa zaidi ya chakula chote. Katanga ina munkoyo, na munkoyo haihitaji frigo. Chukua sufuria kubwa, pika uji mwepesi wa unga wa mahindi, uchemke muda mrefu mpaka uive kabisa. Uondoe motoni, uache upoe mpaka kidole kivumilie. Twanga mizizi ya munkoyo uliyonunua soko, uisafishe kwanza, uitie ndani ya uji na ukoroge. Ngoja kidogo: utaona uji unakuwa mwepesi kama maji na kuanza kuwa mtamu wenyewe. Toa mizizi, chuja na kitambaa safi, funika, weka mahali penye baridi mpaka kesho. Ukipika jioni ya tarehe 24, tarehe 25 wakitoka misa uko tayari. Wenye sukari kidogo wanaweza kuongeza kijiko, lakini onja kwanza, mara nyingi haina lazima.

Tarehe 26 munkoyo inaanza kuwa kali. Wakubwa wengine wanaipenda hivyo. Kuanzia tarehe 27 usiwape watoto tena, kwa sababu imeshageuka pombe.